Mwanangu wa darasa la kwanza amegundulika ana usonji na ADHD, na shule inataka nimhamishe

MamaKihonda

Ndugu zangu, habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa.

Nina karatasi mbili mezani hapa nyumbani Morogoro. Ya kwanza ni taarifa ya daktari wa hospitali ya rufaa, ya wiki tatu zilizopita, inayoeleza kwamba mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka saba ana usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano), na kwamba pamoja na usonji ana hali ya kutotulia na kukosa umakini ambayo daktari ameiandika kwa herufi nne, ADHD. Ya pili ni barua ya mistari minne kutoka kwa mwalimu mkuu wa shule ya serikali anakosoma, darasa la kwanza, ikiniomba nimtafutie "shule inayoendana na hali yake" kabla shule hazijafunguliwa Januari. Hii ya pili nimeisoma hadi nimeikariri.

Nieleze kidogo kuhusu mtoto mwenyewe. Alichelewa kusema, hadi anatimiza miaka minne maneno yake yalihesabika kwa vidole, na bibi yake alikuwa akinituliza kwamba hata baba yake alichelewa. Sasa anasema, lakini mara nyingi ukimuuliza "Umekula?" naye anakujibu "Umekula". Kusoma alianza mwenyewe kutokana na maandishi ya mbele ya daladala: Msamvu, Mazimbu, Kihonda, Mjini, na hakuna aliyekaa naye kumfundisha. Ukimpa daftari aandike mistari mitatu, ataandika mmoja na nusu, kisha utamkuta chini ya dawati akizungusha kizibo cha chupa. Kengele ya shule yao ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na inapogongwa yeye huziba masikio na kukimbilia nyuma ya vyoo. Kwa kukimbia huko amechapwa, na si mara moja.

Simlaumu mwalimu wake wa darasa, kwa sababu nimeingia darasani nikaona kwa macho yangu watoto zaidi ya mia moja, wanne wanne kwenye dawati, na yeye peke yake mbele akiwa na chaki na sauti iliyokauka. Ila daktari amemalizia taarifa yake kwa sentensi moja tu, kwamba mtoto "apatiwe msaada shuleni", na hakusema ni msaada gani, nani autoe, wala mimi niuombe kwa nani.

Naomba mnisaidie kwa haya. Je, shule ya serikali ina haki ya kunikatalia mtoto? Nikienda kumwona mwalimu mkuu niende na maneno gani? Nimeambiwa ipo shule yenye kitengo cha elimu maalum upande wa pili wa mji, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, nami ni fundi cherehani ninayefanyia kazi nyumbani. Je, nijikaze nimpeleke huko? Na baba yake anaona tusiionyeshe shule taarifa ya daktari hata kidogo, kwa hofu kwamba mtoto atabandikwa jina litakalomfuata hadi ukubwani. Hofu hiyo naielewa, lakini sijui kama tutasaidiwa huku tumeficha.

Mwl. wa Kitengo, Arusha

Dada yangu, pole kwa wiki hizi tatu. Mimi ni mwalimu wa elimu maalum, nilisomea Chuo cha Ualimu Patandi, na nimefundisha katika kitengo kwa miaka kumi na mmoja, kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyekuwa akikaa upande wa pili wa meza ambayo wewe unakwenda kukaa.

Nianze na barua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, katika kifungu cha 27, inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa na wenzake ya kuandikishwa katika shule ya umma au ya binafsi, na inaichukulia shule ya kawaida kuwa ndiyo mahali pake isipokuwa pale penye uhitaji wa mawasiliano maalum. Tena inataka akiwa huko apewe huduma saidizi na mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Mwalimu mkuu anaweza kukushauri, na huenda amekushauri kwa nia njema kwa sababu hana mwalimu wa elimu maalum hata mmoja, lakini ushauri wake si amri. Uamuzi wa kumhamisha mtoto unapaswa kutanguliwa na upimaji wa kielimu, na mtu wa kumwomba upimaji huo ni afisa anayeshughulikia elimu maalum katika halmashauri yenu. Kila halmashauri ina dawati hilo katika idara ya elimu. Andika barua, peleka kwa mkono, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hata hivyo nakusihi usiingie ofisini kwa mwalimu mkuu ukiwa umetanguliza sheria. Nimeona wazazi wakishinda kwa sheria, mtoto akabaki darasani, na mwaka mzima akakaa dawati la nyuma bila mtu kumgusa daftari. Ingia na mtoto wako, yaani ingia na maelezo yake.

Taarifa ya daktari inataja jina la hali. Neno "usonji" likimfikia mwalimu mwenye watoto mia moja ambaye hakufundishwa jambo hilo chuoni, linamwambia kitu kimoja tu, kwamba mtoto huyu amemzidi uwezo. Kwa hiyo chukua karatasi moja, upande mmoja, uandike kwa lugha ya kawaida mambo ambayo wewe peke yako unayajua. Katika maneno yako haya haya tayari mna nusu ya karatasi hiyo: kwamba anasoma maandishi ya herufi kubwa; kwamba mlio wa chuma humuumiza masikio, na hakimbii kwa utukutu; kwamba mistari mitatu ni mingi kwake lakini mmoja anaumaliza. Ongeza na yale ambayo hukutuambia. Je, akiitwa kwa jina kwanza ndipo akaambiwa jambo, anasikia, na akisemeshwa pamoja na darasa zima hajui kwamba na yeye anasemeshwa? Watoto wengi wenye usonji wako hivyo, na mwalimu huhesabu kuwa ni ukaidi. Je, maagizo mawili yakitolewa kwa pamoja la pili linapotea? Hilo nalo ni la kawaida kwa mwenye ADHD.

Lile la kurudia swali liandike peke yake, kwa kuwa ndilo linalowaponza watoto kuliko yote. Mwalimu akiuliza "Daftari lako liko wapi?" na mtoto akamjibu "Daftari lako liko wapi", mwalimu asiyejua atadhani anadhihakiwa mbele ya darasa. Mweleze kwamba mtoto anashikilia maneno aliyoyasikia kwa sababu maneno yake mwenyewe hayajapatikana, na kwamba njia ni kumpa jibu alichukue: mwalimu aseme "Daftari liko kwenye mkoba", mtoto arudie, na baada ya siku nyingi za hivyo atalisema bila kupewa.

Chini ya karatasi omba mambo machache yasiyohitaji fedha. Akae mbele, upande wa ukuta, mbali na dirisha na mlango. Apewe kazi vipande vipande. Badala ya hesabu kumi, tatu, akimaliza asimame afute ubao au apeleke chaki darasa la pili, kisha arudi kwenye tatu nyingine. Nilikuwa na kijana ambaye dakika tano zilikuwa mlima kwake, nikamfanya mfuta ubao wangu wa kudumu, na kufikia mwezi wa tatu alikuwa anakaa hadi robo saa kwa sababu alijua ubao unamngoja. Kisha ratiba ya siku iliyochorwa kwenye kipande cha boksi: jua linachomoza, wimbo wa taifa, kitabu, kikombe cha uji, mpira, mlango wa nyumbani. Ichore wewe mwenyewe nyumbani, itobolewe tundu na kufungwa kamba kwenye dawati. Na kuhusu ile rimu, omba tu mtu amguse bega dakika moja kabla haijagongwa na kumpeleka kando. Kazi hiyo anaweza kupewa hata mwenzake wa dawatini mwenye utulivu; watoto huifanya kwa uaminifu kuliko sisi.

Kuhusu fimbo nitasema bila kuzungusha. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mwalimu mkuu, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalum. Mwalimu anayemchapa mtoto mlangoni kwa kuchelewa kutoka nyuma ya vyoo yuko nje ya kanuni hizo. Lakini kwa mwanao hata fimbo iliyofuata kanuni haina maana, kwa sababu anaadhibiwa kwa kuziba masikio yanayouma. Omba kwa maandishi asichapwe kwa mambo yanayotokana na hali yake, na uyataje kwa majina.

Kuhusu kitengo, kwa mtoto anayesema, anayejihudumia na aliyeanza kusoma peke yake, mimi ningeanza na shule aliyopo kwa mihula miwili, huku anafuatiliwa. Daladala nne kwa siku kwa mtoto anayeumizwa na kelele ni mzigo wa pili juu ya ule wa masomo.

Mama Temeke

Dada MamaKihonda, nakusalimu. Mwalimu amesema mengi ya kweli, ila hapo mwisho naomba nitofautiane naye kwa heshima, kwa kuwa mimi nimepitia njia zote mbili.

Binti yangu, sasa ana miaka kumi na mitatu, alianza shule ya kawaida hapa Dar es Salaam na alikaa humo mwaka mmoja na nusu. Walimu hawakuwa wabaya. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa na nafasi, na mtoto wangu alikuwa kimya, hasumbui, kwa hiyo alisahaulika vizuri kabisa. Daftari lake la muhula mzima lilikuwa na kurasa nne zilizoandikwa, na zote ni tarehe tu, kwa sababu tarehe ilikuwa inabaki ubaoni siku nzima. Nilipompeleka shule yenye kitengo, mwalimu alikuwa na watoto kumi na wawili. Ndani ya mwaka alijua kuomba maji, kusubiri zamu, na kusema "sitaki" badala ya kujiuma mkono. Baadaye walianza kumpeleka darasa la kawaida katika shule hiyo hiyo, kwanza kwa vipindi vya michezo na kuchora, kisha Hisabati. Huo mchanganyiko ndio uliomfaa, na vitengo vingi viko ndani ya shule za kawaida kwa makusudi hayo. Kwa wenzetu wa Ilala, kwa mfano, shule ya msingi ya Msimbazi Mseto ina kitengo cha usonji ndani ya shule ya watoto wote.

Kwa hiyo usikiogope kitengo wala usikikimbilie. Nenda ukakitembelee siku ya kawaida, si siku ya wageni. Kaa saa nzima. Tazama kama watoto wana daftari zenye kazi ya wiki hii, kama kuna msaidizi, na kama wanatoka kucheza na wenzao au wanafungiwa chumba cha mwisho hadi saa ya kwenda nyumbani. Utapata jibu lako mwenyewe.

Kuhusu baba yake, mume wangu naye alikataa, tena kwa miezi mingi. Kilichombadilisha ni siku aliyokwenda yeye shuleni peke yake na kumkuta binti yake amesimamishwa kwenye kona, na alipouliza akajibiwa kwamba "huyu hataki kusikia". Jioni ile aliitoa taarifa ya daktari kabatini mwenyewe. Jina walikuwa wameshambandika: mkaidi. Ukificha la daktari, watoto na walimu watatunga lao. Ila si lazima taarifa yote ipite mikononi mwa kila mtu. Mpe mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa, na uombe ihifadhiwe kwenye jalada la mtoto.

Faida nyingine ya kuwa na kumbukumbu mapema ni mitihani. Baraza la Mitihani huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine, lakini shule ndiyo inayopeleka taarifa za mtoto wakati wa usajili. Upimaji wa darasa la nne unafika haraka kuliko tunavyodhani.

Tiba kwa Vitendo, Moshi

Nachangia kwa ufupi upande wa afya, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Usishtuke kuona majina mawili kwa mtoto mmoja. Hadi mwaka 2013 mwongozo wa utambuzi unaotumiwa na madaktari wa Marekani haukuruhusu usonji na ADHD kuandikwa kwa pamoja. Sasa unaruhusu, kwa sababu hali hizi mbili hukutana kwa watoto wengi. Kama hajapimwa usikivu, apimwe, hata kama anaziba masikio. Kuumizwa na kelele hakuonyeshi kwamba anasikia maneno sawasawa, na kipimo hicho mara nyingi husahaulika.

Omba rufaa kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku kama kuandika, na kama kwenye hospitali hiyo anapatikana mtaalamu wa tiba ya usemi, kwake pia. Mwambie akuandikie mapendekezo ya darasani, aya moja kwa kila jambo, ili uyaambatanishe na ile karatasi ambayo Mwalimu ameieleza. Kuhusu kuandika, jaribu penseli fupi nene, na mkao ambao miguu inagusa kitu. Mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hutumia nguvu nyingi kujishikilia asianguke, na nguvu ya kuandika inapungua. Tofali moja chini ya dawati linatosha.

Kuhusu dawa, zipo zinazosaidia umakini kwa baadhi ya watoto wenye ADHD, na hilo ni la wewe na daktari. Dawa ya kuondoa usonji haipo. Watakufuata watu wenye mafuta, mitishamba na vidonge vya kusafisha tumbo, wengine kwa bei ya cherehani yako. Uwakatalie bila kuona haya.

MamaKihonda

Wapendwa, nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Nawashukuru kutoka moyoni. Majibu yenu nimeyasoma pamoja na baba yake, na usiku ule ule tuliiandika karatasi wote wawili. Yeye ndiye aliyekumbuka jambo ambalo mimi sikulijua, kwamba akimwekea mkono mzito begani mtoto hutulia. Tuliliandika la kwanza.

Jumatano tulikwenda shuleni sote. Sikutaja sheria. Mwalimu mkuu alisoma karatasi kimya, akamwita mwalimu wa darasa naye akasoma, na alipofika kwenye lile la kurudia swali aliishusha karatasi akasema, "Mimi nimemchapa kwa hili." Alisema polepole, akiangalia chini. Sikuwa na la kumjibu.

Amehamishiwa dawati la mbele pembeni ya ukuta. Ratiba ya boksi imefungwa kwa uzi wangu wa kushonea, na mtoto wa jirani anayekaa naye ndiye anayemgusa bega kabla ya kengele. Katika siku sita amekimbia mara moja. Kuandika bado, lakini mistari miwili inapatikana. Barua ya kuomba upimaji nimeipeleka halmashauri na nakala yangu ina muhuri. Kitengo nitakitembelea wiki ijayo kama Mama Temeke alivyoelekeza.

Limebaki moja. Mwalimu mkuu amekubali abaki, ila anataka mwakani arudie darasa la kwanza kwa sababu ya kuandika. Nikubali?

Mwl. wa Kitengo, Arusha

Hongera, na mfikishie salamu zangu huyo mwalimu wa darasa, kwa kuwa maneno aliyoyasema hayamtoki kila mwalimu.

Usikubali bado, wala usikatae. Mwambie mwalimu mkuu kwamba uamuzi wa kurudia usubiri matokeo ya upimaji, na uombe kwamba kabla ya muhula kuisha apimwe stadi zake kwa njia anayoiweza: kusoma kwa sauti, kuhesabu kwa vizibo vya chupa, na kuandika kwa vipande. Mtoto anayesoma "Mazimbu" akiwa barabarani hana upungufu wa kusoma. Mkono ndio uliochelewa, na kurudia mwaka mzima wa irabu alizokwisha kuzijua kutamrudisha chini ya dawati. Akirudia, arudie kwa sababu iliyoandikwa na kwa mpango ulioandikwa wa kitakachofanyika tofauti. Kama mpango huo haupo, aende darasa la pili na wenzake, hasa na huyo mtoto wa jirani. Omba wawekwe mkondo mmoja. Hilo liombe mapema, kabla orodha za Januari hazijapangwa.